Nina miaka 43, nimeondolewa mapokezi ati wageni wanataka sura changa

BARUA

Shikamoo dada.

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Mikanjuni, hapa Tanga. Tangu 2012 nafanya kazi kwenye hoteli moja karibu na bahari, na muda wote huo nimekuwa mapokezi. Naomba usiitaje hoteli wala jina langu, maana mji wetu ni wa kujuana na kazi hii bado naitegemea.

Mwenye hoteli ni mzee, kwa sasa anaumwa na yuko Dar kwa wanawe. Usimamizi amemwachia mpwa wake. Kijana ni msomi na mchapakazi, sikatai. Amepaka rangi upya, amebadili vitanda, ameweka taa nzuri. Siku hizi Tanga hoteli zinagombania wageni: kuna watu wa bomba la mafuta la Chongoleani, watu wa bandari, watu wa semina za serikali. Kwamba anataka biashara ikue, hilo naelewa.

Shida ilianza kwenye sare. Zikaletwa sketi fupi za kubana na blauzi za mikono mifupi. Mimi najisitiri, natoka na mtandio wangu, na mwili wangu baada ya uzazi wa tatu si wa kuingia kwenye sketi ile. Fundi aliponipima alisema mbele ya wenzangu, "Hii saizi haipo kwenye oda." Meneja alikuwepo, akacheka.

Baada ya Idi akaniita ofisini. Aliongea kwa upole, na nadhani upole ule ndio ulionichoma zaidi. "Mama, umetufanyia kazi kubwa, lakini wageni wa sasa wakiingia wanataka wapokelewe na sura changa. Huku mbele tuwaachie mabinti." Nikaambiwa nihamie dobi, nikahesabu mashuka na taulo. Kesho yake akaandika kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi kwamba kuanzia sasa mapokezi ni wasichana wenye mvuto wasiozidi miaka 30. Kila mtu alisoma. Wawili wakaweka dole gumba. Kaka wa zamu ya usiku, ambaye ananizidi umri na ana kipara, hajaguswa.

Binti aliyeletwa nafasi yangu ana miaka 22. Ni mimi niliyeambiwa nimfundishe. Nikamfungulia droo ya funguo. Kila ufunguo una kibao cha mbao, na namba nimeziandika mwenyewe kwa rangi ya kucha baada ya zile za zamani kufutika. Nikamwonyesha kitasa cha namba 14, kinachotaka mlango uvutwe kwanza ndipo kizunguke. Nikamweleza ofisi zipi hulipa kwa barua na huchelewa, mgeni yupi wa kudumu hataki chumba cha upande wa jenereta, na ukipigiwa simu usiku kwamba mtu anaumwa uanze kumwamsha nani. Akaandika yote kwenye daftari. Ana heshima, ananiita mama. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Juzi binti huyohuyo alinifuata dobi, analia. Meneja anamtuma apeleke vinywaji vyumbani kwa wageni fulani usiku, ingawa hiyo si kazi ya mapokezi, na anamwambia asiwe mkavu. Aliniuliza afanyeje. Sikuwa na jibu.

Sasa nimeletewa karatasi mbili nichague moja. Ya kwanza ni mkataba mpya wa mhudumu wa nguo, mshahara unashuka kutoka 480,000 hadi 320,000. Ya pili inaitwa makubaliano ya hiari ya kuacha kazi: napewa milioni mbili, nasaini kwamba sina dai lolote. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mume wangu ni fundi gereji. Anasema nichukue hizo milioni mbili tumalizie bajaji anayoitafuta, kisha nipumzike nyumbani. "Umeshatumika vya kutosha," akaniambia. Sijui alimaanisha nini. Dada yangu yeye aliniletea krimu kutoka Ngamiani, isiyo na karatasi ya maelezo, akasema nijing'arishe uso nipake na nywele rangi, nirudi nikamwonyeshe. Nimeipaka kwa siri. Uso umekuwa mwekundu mashavuni na ngozi inatoka kama inabanduka, na nikipita juani inawaka moto.

Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tano. Wateja wangu wa zamani bado wakipiga simu wananiulizia. Je, nipambane nirudi mbele, nikubali dobi, au nichukue fedha niondoke? Na kweli, dada, nimezeeka?

Mama wa Mikanjuni, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Umeniuliza maswali manne, na la mwisho umelitupia chini kabisa ya barua kana kwamba halina uzito. Nadhani hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Mengine ni ya kazi, na ya kazi yana utaratibu wake. Lakini hotelini ulikotumikia tangu 2012 unapoambiwa kwamba uso wako ndio tatizo, na wenzako wakaweka dole gumba, maneno hayo yanakufuata mpaka kwenye kioo cha chumbani kwako. Yamekufuata hadi ukapaka dawa usiyoijua.

Basi tuanze na hiyo krimu, maana karatasi zinaweza kusubiri siku chache na ngozi haisubiri. Acha kuipaka leo. Sikugombezi, najua ni wangapi wamefika hapo kwa kuambiwa maneno madogo kuliko hayo uliyoambiwa. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa bila maelezo zimekutwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu, na sababu ipo: zebaki hupenya kwenye ngozi ikaenda kuharibu figo, na ngozi iliyochubuliwa hukosa kinga mbele ya jua, nalo jua la Tanga unalijua. Nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na kopo ulibebe mkononi ili daktari aone. Mwambie umeipaka kwa muda gani, maana steroidi zikiachwa ghafla uso unaweza kuchachamaa kwanza kabla ya kutulia, na atakwambia namna ya kuutuliza. Usione aibu kumwonyesha. Rangi ya nywele ni jambo jingine. Ukiipenda paka, ila ipake kwa sababu umeipenda wewe.

Sasa turudi kazini. Umeandika kama vile jambo moja limekwisha thibitika, kwamba wageni wanataka sura changa, na kilichobaki ni wewe kujipanga. Mimi ningependa tusimame hapo kidogo. Nani aliyesema? Mgeni gani aliandika malalamiko? Kwenye barua yako, mgeni pekee ninayemsikia ni yule anayepiga simu na kukuulizia wewe. Mtu wa semina anayeingia saa nne usiku, amechoka, chumba chake kimepewa mwingine, anachotaka ni mtu anayejua afanye nini. Ujuzi huo ulimwagia daftari zima, na bila shaka kuna mengi hukuyakumbuka kwa sababu umeyazoea mno. Sisemi kwamba hakuna mgeni anayeangalia sura. Wapo. Matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme nayo tunayaona, anatafutwa "binti wa miaka 18 hadi 25, mrefu, mweupe, mwenye mvuto," kwa kazi ya kuandika majina kwenye kitabu. Lakini kuwepo kwa wageni wa namna hiyo hakumaanishi kwamba wao ndio wanaolijaza jengo, na meneja wako, kwa ulivyoeleza, hajakuonyesha hesabu yoyote.

Wala hukuanza wewe kuambiwa hivyo. Marekani, miaka ya 1950 na 1960, mashirika ya ndege yalikuwa na kanuni ya kuwaondoa angani wahudumu wanawake wakifika miaka 32 au 35, na wengine wakiolewa tu. Walipimwa uzito kwenye mizani kazini. Hoja ilikuwa hiyohiyo, abiria wanataka hivi. Ilipotungwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, wanawake wale na vyama vyao walipeleka malalamiko, na kanuni za umri na ndoa zikaanguka moja baada ya nyingine. Mizani iliwasumbua mpaka miaka ya 1990. Abiria hawakuacha kupanda ndege.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na imetaja misingi yake kwa majina. Umri umo. Jinsia imo. Dini imo. Ujauzito na majukumu ya familia yamo. Ninavyoijua, sura na unene havikutajwa kwa jina, kwa hiyo kicheko cha siku ya vipimo, ingawa kilikuumiza kuliko vyote, peke yake hakina nguvu kubwa kisheria. Lakini angalia ulichoandika bila kukipa uzito. Ujumbe wa WhatsApp umetaja umri kwa tarakimu, na umetaja wasichana. Na kaka wa zamu ya usiku, mwenye miaka zaidi yako, yuko palepale. Dada, sentensi yako moja kuhusu huyo kaka inaeleza mengi kuliko aya nzima ya sketi. Nayo sketi, kwa mtu anayejisitiri kwa sababu ya dini yake, ina swali lake la pekee ambalo mwajiri angepaswa kulijibu.

Meneja anaweza kusema kazi yenyewe inadai hivyo. Sheria inampa nafasi ya kusema hivyo pale ambapo sifa fulani ni ya lazima kabisa kwa kazi husika. Sijui angeelezaje kwamba kupokea wageni kunadai miaka isiyozidi 30 mchana, na usiku hakudai. Na mfanyakazi akishaweka mezani mambo ya kuonyesha kwamba amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unahamia kwa mwajiri. Wengi hawalijui hilo, wanadhani watatakiwa waingie moyoni mwa bosi wakatoe ushahidi. Kwa hiyo ujumbe ule upige picha, uhifadhi nje ya simu hiyo, na usijiondoe kwenye grupu kwa hasira. Maneno ya ofisini yaandike kama yalivyosemwa, na tarehe yake, sasa hivi ukiwa bado unayakumbuka.

Ukitaka kupambana, njia inapitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, na Tanga wana ofisi. Si lazima uwe na wakili. Kuna fomu unajaza, mnaitwa wewe na mwajiri, msuluhishi anajaribu kuwapatanisha kwanza. Angalia siku: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60, kuanzia jambo lilipotokea. Ukihesabu tangu Idi, utaona kwamba kungoja mpaka "mambo yatulie" kunakula siku zako. Kama uliwahi kukatwa michango ya CHODAWU, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi wa mahoteli, waendee hata kesho, wakusindikize.

Ila nisikufiche ugumu wake. Wenzako wanaokuonea huruma chooni huenda wasikumbuke chochote mbele ya msuluhishi, maana nao wana watoto. Meneja akipata barua ya wito anaweza kuanza kukutafutia makosa, shuka moja ikipungua ikawa kesi. Shauri linaweza kuchukua miezi. Na hata ukishinda, utarudi kukaa meza moja na mtu mliyeshtakiana. Wapo waliorudi wakafanya kazi kwa amani, na wapo waliorudi wakatamani wasingerudi. Wewe ndiye unayemjua huyo kijana.

Kabla ya hapo kuna mlango ambao barua yako imeupita bila kuugusa. Yule mzee. Umeandika kana kwamba anajua na amekubali. Una hakika? Mtu mgonjwa aliyeko Dar huambiwa yale ambayo wanaomzunguka wanataka ayasikie. Umemtumikia miaka yote hiyo. Kwenda kumjulia hali si jambo la ajabu, tena kwa desturi zetu ni wajibu. Unaweza kwenda na mtu mzima anayemheshimu, ukaeleza kwa adabu, bila kumsema vibaya mpwa wake, ukaacha na barua fupi. Hatari yake ni kwamba kijana atasikia umemshtaki kwa mjomba, na undugu una nguvu zake. Pia mzee anaweza kusema hana la kufanya. Lakini kwa sasa unaamua mambo makubwa kwa kudhani tu anachofikiri.

Kuhusu dobi, naomba tutenganishe mambo mawili ambayo karatasi ile imeyafunga pamoja. Kuhesabu mashuka ni kazi halali na ina heshima yake. Wanaoifanya pale ni wenzako, na sidhani unawadharau. Kupunguziwa 160,000 kila mwezi ni habari nyingine. Mkataba wako una masharti yaliyoandikwa, na mwajiri akitaka kuyabadili anatakiwa ashauriane nawe, si kukuletea karatasi na siku ya mwisho. Ungeweza, kwa mfano, kumjibu kwa maandishi kwamba utafanya kazi ya dobi kama ulivyoelekezwa huku ukipinga uhamisho na ukipinga mshahara kushuka. Hiyo inakuweka kazini na inalinda dai lako. Inachokugharimu ni kila asubuhi kupita mbele ya meza yako ya zamani, na hilo ni wewe tu unayejua kama unaliweza, na kwa muda gani. Ukisaini mshahara mdogo, hesabu zote za mbele, likizo, kiinua mgongo, michango ya NSSF, zitafanywa juu ya huo mdogo.

Sasa milioni mbili. Ukiisikia kwa mkupuo ni fedha nyingi, nami sitakwambia si kitu. Ila tuchukue kalamu. Mwajiri anapokuachisha kazi bila kosa lako, kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Miaka 10 umeshaivuka, kwa hiyo ni siku 70. Kama 480,000 yote ni mshahara wa msingi, hiyo ni kati ya milioni moja na laki moja na milioni moja na laki tatu, kutegemea siku za kazi zinavyohesabiwa. Weka na notisi ya siku 28. Weka na likizo ambayo hukuichukua, maana najua mapokezi huwa hampati likizo msimu wa wageni. Utaona kwamba milioni mbili wanayokupa kama zawadi inakaribiana na ambacho ungelipwa hata kama hakuna anayekuhurumia. Kwa fedha hiyo wanapata na sahihi yako chini ya neno "hiari" na chini ya maneno "sina dai lolote". Ukishasaini hivyo, kurudi CMA kunakuwa kugumu mno. Na kama ni kupunguza wafanyakazi, sheria ina utaratibu wa kukaa na mfanyakazi au chama chake na kueleza sababu. Lakini kwenu hakuna aliyepunguzwa, ameajiriwa mwingine. Hata ukipenda kuondoka, na kuna sababu nzuri za mtu kupenda kuondoka, si lazima uondoke kwa karatasi yao na kwa bei yao. Omba nakala, iende kwa mtu anayeijua sheria, isomwe. Hakuna anayeweza kukulazimisha usaini ukiwa umesimama.

Halafu NSSF. Ulianza 2012, kwa hiyo kama michango ilipelekwa kila mwezi uko jirani na miezi 180, ambayo ndiyo inayomfanya mtu astahili pensheni ya uzeeni akifika umri wa kustaafu. Nimesema kama ilipelekwa, kwa kuwa kukatwa kwenye mshahara na kufikishwa kwenye mfuko ni mambo mawili. Chukua taarifa ya michango yako kwa simu au kwenye ofisi yao wiki hii, kabla hujamjibu meneja chochote. Ukikuta mapengo, hilo ni dai la kudai ukiwa bado ndani. Ukiondoka, unaweza kuendelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri, na ningependa ulijue hilo kabla hujadhani kwamba kutoka hotelini ni kutoka kwenye pensheni.

Mumeo. Umesikia "umeshatumika vya kutosha" na moyo wako ukaongezea "umezeeka". Inawezekana alimaanisha hivyo. Inawezekana pia ni mwanamume aliyekuona ukirudi usiku miaka yote, ameona sasa unadhalilishwa, na hajui maneno mengine ya kusema acha nikupumzishe. Muulize, siku ambayo hamjagombana. Na muulize vilevile kuhusu bajaji: itaandikwa jina la nani, ikiharibika mwezi wa pili itatengenezwa kwa fedha ipi, mahitaji ya mwanao wa kidato cha tano yatatoka wapi. Bajaji inaweza kuwa biashara nzuri, hasa kwa nyumba yenye fundi. Lakini ni milioni mbili za kazi yako, na kupumzika nyumbani bila kipato chako mwenyewe ni maisha ambayo hujayaonja bado.

Nimemwacha binti mwisho, na ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko yote. Umesema ulitaka kumchukia ukashindwa. Nashukuru ulishindwa. Angalia alichopewa kwa hiyo sura changa: anatumwa vyumbani usiku na kuambiwa asiwe mkavu. Kipimo kilichokutoa wewe mbele ndicho kinachomsukuma yeye huko vyumbani. Meneja hakumpenda yeye zaidi yako. Amewapanga nyote wawili kwa jicho moja. Ulisema hukuwa na jibu la kumpa, lakini alikufuata wewe, wala hakumfuata mwingine, hadi dobi. Mwambie anaweza kukataa kwa kusema kazi hiyo ni ya wahudumu wa vyumba, na akitumwa aende na mwenzake, asiingie ndani, aache mlangoni. Aandike tarehe na chumba. Unyanyasaji wa namna hiyo nao umo kwenye sheria hiyohiyo niliyokutajia, na akiguswa au akitishwa, dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo. Huenda siku moja mkajikuta mna malalamiko mawili yanayotiana nguvu. Huenda pia akaogopa akanyamaza, na usimlaumu, ana miaka 22 na hii ndiyo kazi yake.

Umeniuliza ufanye lipi kati ya matatu. Sitakuchagulia, maana sijui bado ni kipi kinachokuuma zaidi kukikosa. Ni mshahara? Basi dobi kwa mshahara uleule inaweza kukufaa kuliko unavyodhani. Ni ile meza, funguo zako, watu wanaokuita kwa jina? Basi huenda isiwe lazima iwe meza ileile. Hoteli na nyumba za wageni zimeongezeka Tanga, na mtu anayeweza kufundisha wengine mapokezi kwa siku chache bila kitabu ana kitu cha kuwauzia. Wapo watakaomtazama uso kwanza, sitakudanganya. Omba cheti chako cha utumishi, ni haki yako ukiondoka. Au ni ile haki yenyewe, kwamba mtu asikufanyie hivi akapita? Hiyo nayo ni sababu kamili, hata kama haileti shilingi.

Na miaka 43? Mdogo wangu, umri wa kustaafu kwa hiari nchini ni 55 na kwa lazima ni 60. Kwa hesabu hiyo bado una miaka 17 ya kazi mbele yako, na mwanao wa kwanza hajamaliza hata shule. Uso wako una miaka 43 kwa sababu umeishi miaka 43. Wekundu wa mashavuni daktari ataushughulikia.

Ukipata taarifa ya michango yako, niandikie ulichokikuta. Kama utaamua kwenda kwa mzee, nitumie ile barua kabla hujaipeleka, tuipitie pamoja. Na binti naye mwambie nafasi ya kuandika hapa ipo, bila jina.